Jeneza Lisilopinda

Jamani, mimi aibu zangu za kawaida ninazo nyingi, za suruali kuchanika harusini na za kumpa mtu pole ya msiba kumbe msiba si wake, na hizo huwa nazisimulia mwenyewe tukacheka. Hii siyo ya hivyo. Hii nimekaa nayo kwa zaidi ya mwaka, na kijijini kwetu wote wanaijua (walikuwepo, ndiyo maana), hata watoto wa madrasa wanaijua, kwa hiyo siwezi kuiita siri, ila sijawahi kukaa chini nikaisema yote kwa mdomo wangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyetengeneza jeneza la msikiti likavunjika njiani kwenda makaburini, mchana kweupe, marehemu akiwa ndani, na marehemu mwenyewe alikuwa mjomba wangu.

Naitwa Shaibu. Nina karakana pale Likombe, mjini, natengeneza mbao na nguzo kwa plastiki chakavu. Watu wananiletea madumu ya mafuta yaliyotoboka, ndoo, viti vilivyovunjika miguu, tunaosha, tunakatakata, tunayeyusha kwenye pipa, halafu tunashindilia kwenye kalibu ya chuma, ikishapoa unatoa ubao mweusi mzito ambao mchwa hawaugusi (na kama hujakaa kusini, basi hujui mchwa, kwetu wanakula fremu ya dirisha huku wewe umeegemea). Humo ndani huwa nachanganya na unga wa makombe ya baharini, nayaokota ufukweni, nayaponda, nayachuja, natia kidogo ili ubao usilegee juani. Basi, hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Mjomba Selemani alikuwa kaka yake mama, ndiye aliyenilea tangu nina miaka saba, mama alipofariki, na kwa sisi wa huku mjomba ndiye mwenye mtoto, hakuna aliyeuliza mara mbili nitakwenda wapi. Alikuwa seremala. Kijiji kizima, ile njia ya kuelekea Kilambo, watu wanalala kwenye vitanda vyake na kufunga milango yake, na jeneza la msikiti pia alilitengeneza yeye enzi za ujana wake, lile la kubebea tu, ambalo marehemu akishazikwa linarudishwa kusimama nyuma ya msikiti. Alinifundisha kupiga randa, akanifundisha kuusoma mti, halafu mimi nikakimbilia mjini na baadaye nikaonekana naokota madumu. Hakunigombeza hata siku moja. Ila kila nikienda kumsalimia alikuwa ananiuliza, "Njomba, jalala linasemaje huko?" (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote) nami nacheka, lakini narudi Likombe nikiwa nimenuna njia nzima kama mtoto.

Ikafika siku mchwa wakalimaliza jeneza lile la zamani. Lilishikwa kwa ajili ya maziko ya bibi mmoja, mkono wa jeneza ukabaki unga kiganjani mwa mtu, wakaazima la kijiji cha jirani. Mjomba wakati huo kifua kilishamsumbua, mikono inatetemeka, hawezi tena kushika msumeno. Kamati ya msikiti chini ya mwenyekiti wetu Mzee Chande ikatangaza baada ya swala ya Ijumaa kwamba inatafutwa njia ya kupata jeneza jipya, nami kichwa kikanipanda, nikasimama mbele ya watu wote nikasema nitalitengeneza mimi, sadaka yangu, na halitaliwa na mdudu yeyote mpaka kiama. Ndiyo, nilitamka kiama, msikitini, Ijumaa.

Baada ya wiki moja nikaleta zile mbao mbili ndefu za pembeni, ambazo ncha zake ndizo mikono ya kubebea. Nilizitengeneza kama ninavyotengeneza siku zote, madumu matupu na kopo moja la unga wa makombe kwa kila debe. Tukaulaza ubao mmoja juu ya mabenchi mawili nje ya msikiti, na Mzee Chande, ambaye mwili anao, akaukalia katikati. Ukapinda. Haukuvunjika, tena aliposimama ulirudi juu taratibu ukanyooka, lakini wakati amekaa ulishuka kama kamba ya kuanikia nguo, na pale kwenye mkunjo ukafanya weupe kidogo.

Mzee Chande akabaki amekaa palepale, akawa anajirusha kidogo juu chini. "Shaibu, mwanangu," akasema, "hili ni jeneza au bembea?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Nami nilicheka, kwa sababu ungefanya nini. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ngazi za msikiti, sikuthubutu kumtazama alikuwa anafanya nini. Nikazifunga mbao zangu kwenye pikipiki nikarudi mjini uso unawaka moto.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi, na ulikuwa uamuzi mdogo kweli, wa dakika mbili, nimesimama mbele ya pipa. Nilijiambia, wanataka kigumu, nitawapa kigumu. Nusu ya madumu nikayatoa, nikatia viti, maana plastiki ya viti ni ngumu zaidi, halafu ule unga wa makombe badala ya kopo moja nikatia manne. Chujio langu lilikuwa limechanika siku ile, nikaona haina haja ya kununua jingine kwa ajili ya siku moja, nikamimina unga pamoja na vipande vyake. Ulipopoa ukatoka ubao mweupemweupe, mzito, mkavu, ukiugonga unalia kama sahani. Nikasema hapa sasa.

Nikaujaribu pia, msidhani mimi ni mzembe wa kiasi hicho. Niliuweka juu ya matofali mawili, nikapanga mifuko sita ya saruji katikati, nikauacha siku mbili. Haukushuka hata upana wa unyasi. Nikapiga picha na mifuko yake, nikairusha kwenye kundi la simu la kamati, nikaandika chini yake, "Bembea imekuwa chuma." (Hiyo picha bado ipo kwenye simu za watu, na kuna mtu mmoja, simtaji, huwa ananirudishia kila ikifika Ijumaa.)

Nilipolipeleka jeneza zima limekwisha, Mzee Chande alilikalia, akasimama, akalikalia tena, halafu akanikumbatia mbele za watu. Mjomba alikuja taratibu na fimbo yake, akapitisha kiganja juu ya ule ubao kutoka ncha hadi ncha kama alivyokuwa akifanya zamani baada ya kupiga randa, akawageukia waliokuwepo akasema, "Nikifa nnibebe humu. Kazi ya mpwa wangu, fundi." Hakuwahi kuniita fundi. Nilikwenda nyuma ya msikiti, kwenye mabirika ya udhu, nikajifanya nanawa uso.

Akafariki wiki tatu baadaye, Jumatano asubuhi, kifua kilekile. Aliyenipigia ni mkewe, Bi Somoe, ambaye namwita mama tangu nina miaka saba, akasema tu, "Njoo, mwenzangu ameondoka." Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Sikuwa nimejua alivyokonda. Mtu ambaye alikuwa ananibeba begani pamoja na mbao za mvule, bega lake lilikuwa limebaki mfupa na ngozi, nikawa namwagia maji huku najiambia angalau safari yake ya mwisho nimeitengeneza mimi, angalau hilo nimempa. Hilo lilinifariji sana, niseme ukweli. Nilikuwa nalia, na ndani ya kulia nilikuwa najivuna.

Sasa, ambaye hajawahi kufuata maziko kwetu aelewe jambo moja. Jeneza halibebwi na watu sita wakalifikisha. Kubeba ni thawabu, na kila mwanamume aliyekuja anataka kutia bega lake japo hatua tatu, kwa hiyo hakuna kusubiri zamu, watu wanaingia kutoka nyuma wanatokea mbele, huyu mrefu anaingia chini ya mkono, yule mfupi anatoka, jeneza linazama kidogo, linainuka, linazama, linapita juu ya mabega kwa mwendo wa mbio mpaka makaburini. Nimebeba tangu nina miaka kumi na mitano. Nimewahi kupigwa na mkono wa jeneza kwenye kidevu hadi nikauma ulimi. Nilijua kabisa jinsi linavyorushwarushwa. Lakini nilipokuwa Likombe nafikiria jeneza, nilifikiria kitu kilicholala kimya na mifuko ya saruji juu yake, mizito, imetulia, haina haraka ya thawabu.

Tulitoka msikitini baada ya swala ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi mno, maana nani hakulala kwenye kitanda cha Mjomba Selemani. Mimi nilishika mbele kulia na nikakataa kutoka, wenzangu wananigusa bega kwamba nipishe, sipishi. Mzee Chande alikuwa pembeni anahema, akasema, "Taratibu jamani, mnaharakisha." Na mimi, Shaibu, nikageuza shingo nikamjibu kwa sauti ya watu wote kusikia, "Usihofu mzee, hili hata mkining'inia." Maneno yale nikiyakumbuka natamani kuuma tena ulimi.

Baada ya ile mikorosho ya kwa akina Nandonde kuna mtaro uliochimbwa na mvua, siyo mkubwa, unaruka kwa hatua moja. Sisi wa mbele tuliupanda upande wa pili, wa nyuma bado wako chini, na palepale kijana mmoja mrefu aliyekuwa anasubiri ng'ambo akaingia chini ya mkono wangu, nikampisha hatimaye, kwa sababu nilikuwa nateleza. Mkono ulitoka begani kwangu ukamwangukia begani kwake. Umbali wenyewe ulikuwa kama upana wa kiganja. Ukasema ta. Basi. Haukupinda, haukulia kwanza, haukufanya weupe wowote, ulikuwa mzima halafu ukawa vipande viwili.

Jeneza likalala upande wa mbele kulia, mbao za chini zikachomoka, na mjomba akateleza kuja kwangu. Sikumbuki kupiga magoti ila nilikuwa nimepiga magoti, mikono nimeinyoosha, kichwa chake ndani ya sanda kikanigonga kifuani nikamshika. Nilimshika vizuri. Hakugusa ardhi, isipokuwa miguu, upande mmoja, kidogo. Na jambo lililonimaliza ni kwamba hakuwa mzito. Ubao uliobeba mifuko sita ya saruji kwa siku mbili ulishindwa kumbeba mtu mwepesi namna ile hadi kaburini kwake, na nilikuwa nimemkumbatia kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto, maana sisi si watu wa kukumbatiana.

Kalima tulizokuwa tunazisoma njia nzima zilikatika. Watu waliganda. Nyuma kabisa kulikuwa na mzee mmoja asiyesikia vizuri, hakuwa ameona kitu, akaendelea peke yake, la ilaha illallah, la ilaha illallah, sauti moja tu nyembamba katikati ya mikorosho, mpaka mtu akamshika mkono akanyamaza.

Walimchukua kwa mikono, watu wanane, wakamweka kwenye lile shuka la kufunikia na mkeka wakambeba hivyo hadi mwisho. Imamu alilifuta vumbi lililoshika sanda kwa kiganja chake, hakuniangalia. Nilikuwa nimebaki nyuma hatua kumi, nimeshika kipande cha mkono wa jeneza, sijui kwa nini nilikiokota. Tulipofika kaburini wakahitajika ndugu wa kushuka kumpokea, watu wakawa wanatazamana, hakuna anayetaka kusema, ndipo Mzee Chande akasema, "Shuka, Shaibu. Ni njomba'ko huyu, atapokewa na nani?" Nikashuka. Nashukuru mpaka leo kwamba aliyesema alikuwa yeye.

Kurudi nyumbani habari ilishatutangulia, kwenu haiwi hivyo? Wanawake walinipisha njia nilipoingia uani. Bi Somoe alikuwa ndani, ameshaketi eda, nikaitwa mlangoni.

"Alianguka?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Liliponivunjikia alikuja kwangu. Nilimpokea."

"Kichwa kilikuwa wapi?"

"Hapa," nikajionyesha kifuani.

"Basi hakuanguka," akasema, akaniambia nikale, watu wanasubiri chakula.

Msidhani yaliishia hapo. Siku ya tatu wakaja watani, na mnajua watani wa msibani, hao hawana pa kukamatwa na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Alikuja mama mmoja mtani wetu, mnene, mcheshi, akachukua kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, akakiweka begani, akaanza kupita nacho uani akiimba, "Shaibu nnifikishe, Shaibu nnifikishe," akifika mbele yangu anasema "ta!" anajiangusha mzima mzima. Matanga yote yakacheka. Watu waliokuwa wanalia walicheka, wakafuta machozi, wakamwambia arudie. Ilinibidi nicheke na mimi, nikatoa tabasamu la meno, na alipojiangusha mara ya nne nikamsaidia kuinuka, ndivyo utani unavyotaka. Usiku sikulala, lakini sitaki kusimulia hayo. Baada ya wiki mjini Chuno nilimkuta muuza mihogo ambaye hata simjui anamweleza mteja wake kisa cha jeneza, nikanunua mihogo yangu nikaondoka, nikijua amebakiza sehemu tamu.

Karakana niliifunga kwa karibu mwezi. Aliyenitoa ndani ni Mwalimu Eliwaza, mama mmoja wa Kilimanjaro anayekaa Shangani, anafundisha kemia sekondari, na mabenchi ya barazani kwake ni ya kwangu. Alikuja kunipa mkono wa pole, akanikuta nimekaa na kile kipande mapajani.

"Kaka Shaibu, naomba nikione," akasema, akakigeuzageuza kwenye mwanga. "Umetia nini humu?"

Nikamwambia yote, viti, makopo manne, chujio lililochanika. Hakunicheka. Akaniuliza, "Ule wa kwanza, uliopinda, ulivunjika?"

"Haukuvunjika. Ulipinda tu, ukafanya weupe."

"Basi ule ndio uliokuwa na nguvu ya kubebea," akasema. Akanielezea kwa utaratibu kama anavyowaelezea wanafunzi wake. Kwamba kutopinda ni jambo moja, na kukataa kupasuka ni jambo jingine, na watu wengi tunadhani ni moja. Kwamba plastiki ya dumu ikipigwa inajivuta, lile pigo linaishia humohumo ndani ya kujivuta, na ule weupe ndio jasho lake. Punje ngumu zikiwa ndogo na chache zinaisaidia, maana kila punje inaachia kidogo mahali ilipo na plastiki inayoizunguka inajivuta hapohapo, pigo likagawanyika. "Lakini wewe ulizijaza, plastiki ikakosa nafasi ya kuzizunguka," akasema, "na plastiki mbili ulizochanganya hazishikani, zinakaa pamoja tu kama wapangaji. Ufa ukianza unapita mpakani bila kuzuiwa na mtu." Akanionyesha ukingoni mwa mvunjiko kipande cha kombe kikubwa kama ukucha, kimekaa ndani ya shimo lake safi kabisa, hakuna hata uzi wa plastiki uliokishika. "Ulianzia hapa."

Nilikitazama kipande kile nikaelewa mara moja, kwa sababu mama yeyote anayesonga ugali anaelewa, ukizidisha unga unapata bonge gumu la kusifiwa, halafu ukilikata linapasuka badala ya kukatika. Mimi mla ugali wa muhogo tangu utoto nilihitaji mwalimu kutoka Kilimanjaro.

"Na saruji je?" nikamuuliza. "Mbona ubao uliibeba?"

"Saruji haikuushtua," akasema.

Basi mkitaka funzo, ndilo hilo, na kiapo changu nacho kipo. Kila ninapotoa mbao siku hizi, nachagua mmoja kati ya hizo, mzuri kuliko zote, naupandisha juu ya paa la karakana nauachia uanguke kwenye jiwe, halafu naupiga na nyundo kubwa mbele ya mteja mwenyewe. Wapita njia wanasimama, wanasema Shaibu msiba ulimharibu, anavunja kazi yake mwenyewe. Na wanacheka, nami nawaacha, kwa sababu kilichoniponza mimi ni kukimbia kicheko cha dakika tano nje ya msikiti. Neno "gumu" nimeacha kulitumia kuuzia kitu. Jeneza la msikiti sasa ni la madumu matupu na kopo moja la makombe yaliyochujwa, linapinda mabegani mwa watu kila linapobadilishwa, na hakuna aliyeliita bembea, ingawa nadhani Mzee Chande hutamani.

Lakini kuna kitu nimekiruka, na nimekiruka kila nilipoisimulia habari hii, hata kwa Mwalimu Eliwaza nilikiruka. Siku ile nilipopeleka jeneza, watu walipokwisha kusifu na kuondoka, mjomba alibaki. Akatoa mfukoni mwa koti nyundo yake ya mbao, ile ndogo ya kugongea patasi, akasogea kwenye ncha ya mkono wa jeneza. Alitaka kuugonga. Maisha yake yote aligonga mbao akasikiliza, na aliyoyasikia hayakuwahi kumdanganya. Nikamshika kifundo cha mkono. Nikamwambia, "Mjomba, utauchafua, umeshakwisha huu." Na mkono wenyewe haukuwa na nguvu ya kubishana nami. Akanitazama kidogo, akairudisha nyundo mfukoni, akasema, "Haya, fundi." Niliogopa kwamba angesikia kitu. Sehemu fulani ya moyo wangu ilishasikia.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwambia Bi Somoe. Eda yake imekwisha muda mrefu, nilimkuta barazani anamenya mihogo ya kuanika makopa. Nilikaa chini nikamweleza hivyo hivyo kama nilivyowaeleza ninyi, na nyundo, na kifundo cha mkono, na "Haya, fundi."

Akamaliza muhogo aliokuwa ameushika, akautupa kwenye beseni.

"Angesikia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini asingekucheka, Shaibu. Siku ile ya Chande na bembea yake alirudi hapa hajacheka, alikasirika hakula. Angekwambia kwa upole, nkiwa wawili tu."

Alinisukumia kisu kingine na fungu la mihogo upande wangu, nikakaa nikamenya mpaka ikaisha.